Comet ya 1964: shajara ya gereji, Columbus, Ohio

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Chevrolet C10 imeondoka leo juu ya trela, inakwenda Kentucky. Ni pikapu ya 1972, mwaka wa mwisho wa umbo lile lililoanza 1967, na nimekaa nayo miaka sita. Nilisimama barabarani mpaka trela ikapotea kwenye kona, kisha nikarudi kufagia mahali ilipokuwa.

Naandika jinsi ilivyouzika kwa sababu mara ya kwanza haikuuzika. Mwezi wa saba nilitangaza kwa picha kumi na mbili, zote nzuri, jua la jioni likiangukia bodi. Watu walipiga simu, wakauliza maswali mawili matatu, wakapotea. Mwezi wa nane nikaweka picha arobaini: kutu ya chini ya milango, waya nilizounga mwenyewe kwa tepu, tangi la mafuta lililo ndani ya kabini nyuma ya kiti, kama pikapu zile zilivyoundwa, na nikaandika wazi kwamba siku za joto harufu ya petroli humfikia dereva. Kila nilichobadilisha nilikitaja na tarehe yake. Aliyekuja hakupunguza hata dola mia. Alizunguka gari na simu mkononi, akilinganisha kila kutu na picha yake, halafu akatoa hundi ya benki. Nadhani wale wa mwezi wa saba walikimbizwa na uzuri wa zile picha. Kila aliyewahi kununua gari kuukuu hujiuliza upande usiopigwa picha una nini.

Nafasi ipo, na pesa ipo. Natafuta Mercury Comet ya 1964; Mercury ilikuwa chapa ya kampuni ya Ford.

Jumapili, 22 Septemba

Kwa nini Comet? Pasaka ya 1964 marehemu baba alikuwa kijana wa kufuta vioo vya magari kwenye kituo cha petroli Nairobi. Mwaka huo Mercury walileta timu ya Comet kutoka Marekani kushindana katika mbio za magari za East African Safari, zikiwa na injini za V8, yaani za silinda nane. Mshindi wa Safari alikuwa Ford Cortina GT. Comet mbili tu ndizo zilizofika mwisho, moja nafasi ya 18, nyingine ya 21. Lakini baba hakuwahi kunihadithia Cortina. Alihadithia mngurumo. Alikuwa akiweka kiganja kifuani na kusema, "Mwanangu, lile gari ulikuwa unalisikia hapa kabla ya kulisikia masikioni."

Huku lilikotoka, Comet imesahaulika. Ilibuniwa iuzwe chini ya jina la Edsel, chapa nyingine ya Ford. Edsel ikafa kabla, na mwaka 1960 Comet ikaingia sokoni kupitia mawakala wa Lincoln na Mercury bila hata kuitwa Mercury; jina hilo ililipata kwenye magari ya 1962. Mifupa yake ni ya Ford Falcon iliyorefushwa: ile ya 1964 ina inchi 114 kati ya ekseli na ekseli, na Falcon ina 109.5. Falcon hiyohiyo ndiyo iliyozaa Mustang. Basi Comet ni binamu mkubwa wa Mustang, na mtu wa kipato changu anaweza kuinunua. Tatizo linakuja kwenye spea. Vitu vya Mustang vinatengenezwa upya mpaka skrubu ya mwisho, lakini mapambo ya Comet hakuna anayeyatengeneza. Ukikosa ukanda wa kromu, utautafuta miaka.

Jana nilikwenda Dayton kuona moja iliyotangazwa kuwa ni V8 tangu kiwandani. Rangi yake ilikuwa inang'aa kama sahani mpya. Nilichuchumaa kwenye gurudumu kabla sijamsalimia mwenyewe vizuri. Nati nne. Enzi zile Ford waliyapa magari ya silinda sita nati nne kwa gurudumu, na ya V8 nati tano. Kwenye kibati cha mlango, herufi ya injini ni U, yaani silinda sita ya inchi za ujazo 170. V8 ya 260 ingekuwa F. V8 kweli imo ndani, lakini imepachikwa juu ya ekseli, breki na springi za gari jepesi, na bei inayotakiwa ni ya gari halisi. Nilimwonyesha nati. Akasema hajui, alinunua hivyo. Huenda ni kweli. Nilimshukuru nikaondoka.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimepata. Comet ya aina ya Caliente, milango miwili, silinda sita, rangi nyeupe, ndani mwekundu uliofifia. Ilikuwa kwenye banda la shamba nje kidogo ya Mansfield, imefunikwa blanketi.

Mzee mwenye gari ana umri wa miaka themanini na kitu. Alinipa kiti, akaniacha nifanye kazi yangu. Nati nne, herufi U, na hakuna mtu aliyejaribu kunificha. Nilipitisha sumaku niliyoifunga kitambaa ubavuni kote. Ilishika vizuri mpaka nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia, ikadondoka. Hapo si chuma, pana puti ya kujazia bodi, unene wa kidole pengine. Nikainua zulia la dereva: bati la sakafu lina matundu mawili, moja linapitisha ngumi. Halafu nikaomba maji. Nilimimina kikombe kimoja taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, nikainama na tochi chini ya dashibodi. Nilihesabu kimoyomoyo. Nilipofika saba, tone la kwanza likaanguka kwenye pedali ya breki, likafuatwa na la pili, kisha ukawa uzi.

Hilo ndilo gonjwa la familia nzima, Falcon, Comet na Mustang za mwanzo. Maji ya mvua huingia kwenye sanduku la bati lililo kati ya boneti na kioo, na yanatakiwa kutokea pembeni. Majani yakiziba njia, yanakaa humo mpaka yanatoboa. Wengi hununua sakafu mpya na kuacha sanduku, na baada ya majira mawili ya mvua sakafu imeoza tena.

Mlango wa dereva nao umeshuka. Lazima uuinue kwa mikono miwili ndipo ufunge, na hata hivyo hufunga kwa kishindo.

Mzee alitaka dola 9,000. Nilimwita aone maji, nikaweka sumaku mkononi mwake ajaribu mwenyewe. Tukafika 7,200 bila kuinuliana sauti. Alichonipa ambacho hakina bei ni bahasha ya risiti: betri, tairi, oili, zote kwa mwandiko wa mkewe, miaka thelathini na minane. Ohio saini ya muuzaji kwenye hati ya umiliki lazima ishuhudiwe na mthibitishaji wa serikali, kwa hiyo tulikwenda pamoja kwenye benki yake mjini. Njiani kurudi hakusema neno. Trela ilipoanza kuondoka aligonga boneti mara mbili kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayebisha hodi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimesafisha kibati cha mlango kwa mafuta ya taa na mswaki. Inasomeka: 4 ni mwaka wa 1964, H ni kiwanda cha Lorain, hapahapa Ohio, kando ya ziwa Erie. Tarehe ni 18C. Herufi ni mwezi, A ikiwa Januari. Kwa hiyo lilipangiwa kuundwa tarehe 18 Machi 1964. Pasaka mwaka ule ilikuwa 29 Machi. Wakati baba anafuta vioo Nairobi, gari hili huenda lilikuwa bado uwanjani kwa wakala, na plastiki juu ya viti.

Nimekaa na kibati kile muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 9 Novemba

Fundi bodi wangu ni Mtanzania wa Tanga. Mchana anafanya kazi kwenye gereji kubwa, Jumamosi anakuja kwangu. Alichungulia ndani ya lile sanduku kwa kioo kidogo cha mkononi, akanyamaza, kisha akasema: "Kaka, hapa hakuna bati. Hapa pana rangi iliyoshikamana na uchafu."

Kulifungua sanduku ni kazi ya subira. Bati la juu limeshikwa kwa nukta nyingi za kuchomelewa, na kila nukta unaitafuta kwa msasa, unaitia alama, unaitoboa kwa keekee maalumu bila kupenya bati la chini. Ukipenya umejiongezea kazi. Tumefungua nukta ishirini na sita leo. Ndani tumekuta majani ya mwaloni yaliyogeuka udongo, kiota cha panya, na sarafu moja ya senti ya 1971.

Jumamosi, 14 Desemba

Sanduku limekwisha. Fundi alikata bati la geji 18 na kukunja vipande mwenyewe juu ya chuma cha reli. Tukapaka rangi ya kuzuia kutu pande zote, tukaziba maungio, tukamimina ndoo nzima. Nilikuwa nimelala chini ya dashibodi na karatasi kavu ya jikoni usoni. Haikulowa.

Sakafu ya dereva imekatwa na mpya imechomelewa. Ya abiria ilitosha kiraka. Kwenye mguu wa nyuma kulia, puti ilikuwa nene kuliko nilivyodhani, lakini chini yake chuma kilikuwa hai zaidi ya nusu.

Jumamosi, 25 Januari 2025

Baridi kali, kazi za ndani tu. Breki.

Silinda kuu ya breki ya magari haya ina chumba kimoja kinachohudumia magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka popote, pedali inakwenda mpaka sakafuni na huna kitu. Kuanzia magari ya 1967 Ford waliweka ya vyumba viwili, mbele na nyuma mbali mbali. Napenda gari libaki kama lilivyozaliwa, lakini binti yangu atapanda humu. Nimefunga ya vyumba viwili, mabomba mapya, na mipira yote. Ile ya zamani nimeisafisha, nikaipaka oili, nikaiweka kwenye boksi na karatasi yenye maelezo. Atakayemiliki baada yangu akitaka kuirudisha, ni kazi ya siku moja. Hiyo ndiyo kanuni niliyojiwekea: sibadilishi kitu kisichoweza kurudishwa, na kilichotoka hakitupwi.

Mipira ya petroli pia imetoka. Petroli ya siku hizi ina ethanoli, na mpira wa zamani unalainika kama ubani. Tangi la Comet ndiyo sakafu ya buti yenyewe, unalitoa kwa juu baada ya kufungua skrubu za ukingoni. Ndani lilikuwa na utando wa rangi ya chai. Limeoshwa mara nne.

Jumamosi, 1 Machi

Injini imewaka kwa mara ya kwanza hapa nyumbani. Furaha ya dakika kumi. Kisha nikaiendesha mpaka kilima cha barabara ya pili, na ikachoka kama mtu aliyepanda ngazi akiwa na homa. Ikiwa imesimama inanguruma vizuri, ukiitia mzigo inalegea.

Nimeangalia plagi, mpangilio wa moto 1-5-3-6-2-4, mgandamizo wa kila silinda, petroli inayofika. Vyote sawa.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala nalo tatizo wiki nzima, na nadhani nimelipata. Distribyuta, kifaa kinachogawa moto kwa plagi, kwenye silinda sita za Ford za enzi hizo haina vile vizito vinavyotanuka kwa mzunguko ili kuwahisha moto. Inategemea mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta peke yake. Ili ifanye kazi, kabureta iliyooana nayo ina vali ndogo ubavuni inayochanganya mvuto wa mahali pawili na kuupeleka kwa kipimo. Kabureta iliyo kwenye gari langu ni ya miaka ya baadaye. Haina vali hiyo. Mtu aliibadilisha kwa nia njema, ikaingia kwenye bolti zilezile, gari likawaka, akaridhika. Lakini ukiongeza mzigo distribyuta haipati habari sahihi, moto unachelewa, nguvu inapotea.

Nikafungua bahasha ya mzee. Risiti ya kabureta imo, ya 1989. Pembeni mwandiko wa mkewe: "haina nguvu kama zamani." Mama yule aliliona miaka thelathini na tano kabla yangu.

Jumapili, 27 Aprili

Nimerudi kutoka Carlisle, Pennsylvania, kwenye soko la spea la kila Aprili. Ni mwendo wa saa sita hivi kutoka hapa. Uwanja mzima umejaa meza: taa, usukani, milango iliyosimamishwa kwenye nyasi, wazee wenye mikokoteni ya watoto waliyojaza chuma. Siku ya kwanza sikupata kitu. Siku ya pili, asubuhi na mapema, kwenye sanduku la maziwa chini ya meza, kabureta ya koo moja yenye ile vali ubavuni. Dola 60, nikampa 50. Nilipopata pia ukanda wa kromu wa ubavu wa kushoto wenye mkunjo mmoja tu, nililipa dola 140 bila kubishana, maana sijui lini ningeuona mwingine.

Kwenye meza moja nilionyesha picha za Comet, na muuzaji akaniambia niweke V8, nipake namba za mlangoni kama magari ya Safari ya 1964, na mtu atanilipa maradufu. Alisema bila ubaya, ni biashara. Nimeliwaza njia nzima ya kurudi, kwa sababu nalitaka lile gari la baba kuliko mtu yeyote. Lakini hili si lile. Hili liliundwa Lorain lipeleke mtu kazini na mama sokoni, na lina risiti za miaka thelathini na minane zinazothibitisha kwamba ndivyo lilivyofanya. Nikilivika namba za Safari, zile risiti zinageuka takataka, na mnunuzi wa tatu au wa nne baada yangu ataambiwa ni la kweli. Nimekwisha kusimama Dayton nikiangalia nati nne. Sitaki kuwa mtu wa kwanza kwenye mnyororo ule.

Jumamosi, 17 Mei

Kabureta ya Carlisle imefanyiwa ukarabati na kufungwa. Kilima cha barabara ya pili kimepandwa kwa gia ya juu, na mguu wangu ulikuwa nusu tu ya pedali. Nilikirudia mara tatu. Mke wangu alikuwa pembeni, akasema, "Sasa limeamka."

Namba za usajili za gari la kihistoria zimekuja. Ohio huzitoa kwa gari lililozidi miaka 25, kwa masharti ya maonyesho, maandamano na kulijaribu baada ya matengenezo. Ndugu yangu wa Nakuru anauliza nitalileta lini. Nimemweleza tena kwamba Kenya kwa kawaida haipokei gari la zaidi ya miaka 8, na usukani wenyewe uko kushoto. Akasema basi atakuja yeye.

Jumamosi, 14 Juni

Tumeondoka saa moja asubuhi, mimi na binti yangu, kwenda Lorain. Saa mbili na nusu njiani, maili 55 kwa saa, vioo vyote chini. Joto la injini halikutikisika.

Kiwanda kilifungwa mwaka 2005. Tulisimama barabarani upande wa pili wa uzio. Nilitaka gari lisimame hapo, basi. Binti alipiga picha.

Kwenye mkahawa karibu na ziwa mzee mmoja alitoka na kahawa yake akalizunguka gari. Alifanya kazi mle ndani, alisema, kwenye sehemu ya milango, ingawa aliingia miaka mingi baada ya Comet. Hakuuliza injini wala rangi. Alifungua mlango wa dereva, akausikia uzito wake ukishuka, akatikisa kichwa. Mimi nimeuinua mlango ule kwa mikono miwili tangu Oktoba. Nilikuwa nimeagiza pini mpya za bawaba na zilikuwa ndani ya buti, nikisubiri fundi.

"Una spana?" akauliza.

Tulifanya palepale kwenye maegesho. Jeki chini ya mlango na kipande cha ubao juu yake ili kisichubue rangi, pini za zamani zikatoka zimelika upande mmoja kama sabuni, mpya zikaingia. Akalegeza bolti za bawaba ya chini robo mzunguko, akapandisha jeki kiasi ambacho sikukiona kwa macho, akaweka kiganja kwenye ufa kati ya mlango na bodi, akaupapasa kutoka juu mpaka chini. Akakaza. Akashusha jeki. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kidogo mpaka iliposhika chuma.

Akamwambia binti yangu aingie afunge. Binti, aliyezoea kuuvuta kwa nguvu zote, alimtazama, kisha akauvuta kwa kidole kimoja. Ukaingia mahali pake kwa mlio mdogo, kama kufuli la sanduku.